Kura ya Nne

Bodi yetu ya shule ina wajumbe saba, na kwa sheria ya jimbo letu hakuna mkataba unaopita mpaka wajumbe wanne wainue mikono, wakiwa wameketi chumba kimoja, mahali palipotangazwa gazetini, mlango ukiwa wazi kwa mwananchi yeyote. Kura ya simu hakuna. Kura ya kumwachia mwenzako hakuna. Mimi ndiye niliyewafundisha hayo mwaka baada ya mwaka, maana mimi ni mwanasheria mkuu wa wilaya ya shule, yaani shule zote za umma za eneo hili, na ukisikia "mkuu" usidhani nina wadogo chini yangu. Niko peke yangu, na katibu ninagawana na idara ya mabasi.

Ijumaa ile ya Februari nilihitaji mikono minne, na minne kamili ndiyo niliyokuwa nayo, bila hata mmoja wa akiba. Wajumbe wawili walikuwa Arizona wakiota jua, kama wazee wetu wenye uwezo wanavyofanya kila baridi. Wa tatu, Dwayne Kucera, mfugaji, alishasema tangu Jumatatu kwamba mitamba wake wanazaa na asitafutwe. Wakabaki Gordon Thiessen mwenyekiti, anayeuza matrekta. Daktari wetu wa meno. Mke wa mchungaji wa Kilutheri. Na Bev Lindauer, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji huu. Juma zima niliwapigia simu mmoja mmoja kuwauliza afya zao, kama mshenga anayeogopa harusi isivunjike.

Jambo lenyewe lilikuwa la mtoto mmoja. Kinsley Havlik ana miaka tisa na anapumua kwa mrija uliowekwa kooni. Makohozi yakiuziba, lazima awepo mtu anayejua kuyanyonya kwa mashine hapo hapo, la sivyo mtoto anakufa alipoketi, darasani au ndani ya basi. Nesi wake wa shule aliolewa akahama tangu Oktoba, na Kinsley hajakanyaga darasa tena. Wilaya ikasema inatafuta nesi. Baadaye ikasema inatafuta fedha za nesi. Mama yake, Shawna, akaacha kazi kwenye kiwanda cha nyama, akakaa naye usiku na mchana, hana mume, hana dada, analala vipande vipande. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wahenga hawakuwahi kukesha na mashine ya makohozi.

Mwishoni mwa Januari Shawna aliniambia amefika ukingoni. Kuna nyumba ya kulelea watoto wa hali ile, mjini, mwendo wa saa nne kwa gari, na kitanda kimepatikana. Jibu linatakiwa Ijumaa ile ile ya kikao, kabla ya usiku. Akikikataa kinakwenda kwa mtoto mwingine, na kingine haijulikani lini. Watoto wa kule hurudi nyumbani kwa likizo tu.

"Sitaki kumpeleka," alisema kwenye simu. "Lakini siku nikilala fofofo nisiisikie ile mashine ikilia, nitakuwa nimemuua mwenyewe. Nipeni nesi. Kura ikipita, nampigia yule mama wa kitanda namwambia ahsante, mtoto wangu anabaki kwangu."

Mkataba niliuandika mimi: nesi wa siku nzima, darasani na kwenye basi. Nesi mwenyewe alikwisha kupatikana, kwa bahati ambayo nilikuwa na furaha mno hata sikuiuliza ilikotoka. Ilibaki mikono minne tu.

Kikao kilianza saa tisa alasiri, maktaba ya shule ya sekondari. Gordon alikuwa na haraka. Jioni hiyo timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa na mechi ya ugenini, na mjukuu wake ndiye mfungaji. Alikuwa amekwisha kuvaa skafu ya timu. Shawna hakuwapo, angemwacha mtoto na nani?

"Hoja ya kwanza na ya mwisho," Gordon akasema. "Mkataba wa nesi. Kuna mwenye neno kabla hatujapiga kura?"

Bev akainua mkono, uso umemchanua. "Mimi ninalo, Bwana mwenyekiti. Nataka watu wajue kwamba mambo mema bado yapo duniani. Huyu nesi mnayemsikia mnamjua? Ni Carly! Carly wa marehemu dada yangu! Nilimpigia mimi mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, achana na hospitali za huko, rudi nyumbani, kuna mtoto anakuhitaji. Na anakuja, jamani. Atakaa kwangu, chumba cha juu, tutakuwa tunachangia matumizi."

Mke wa mchungaji akapiga makofi. Mimi niliweka kalamu chini.

"Bev," nikasema, "hebu subiri kidogo."

"Aa, najua, najua!" Alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Usinifundishe mara mbili, wakili. Ndugu wa mjumbe akipata kazi kwenye mkataba, mjumbe anatamka, anainuka, anatoka nje, hapigi kura. Si ndivyo? Umetuimbia wimbo huo mpaka tukauota." Akanikonyeza. "Mnaona? Hata bibi kizee anashika somo."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kama alivyokuwa akiufunga wa darasa lake watoto wakiwa kwenye mtihani. Daktari wa meno akatazama kushoto, akatazama kulia, akahesabu kwa vidole.

"Tumebaki watatu," akasema.

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu. Mimi wangu niliwapata wamekauka na bado niliwakunja, nikajisifu kwa hilo kwenye mikutano ya wanasheria wenzangu. Nilimkimbilia Bev ukumbini. Alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya vikombe vya ushindi vya zamani, ametulia.

"Nimefanya vizuri?" akaniuliza.

"Bev, kwa nini hukuniambia mapema? Ningemwita Dwayne tangu jana. Ningewarudisha wale wa Arizona kwa ndege!"

"Nikuambie vipi? Si wewe uliyesema mambo ya bodi yasizungumzwe nje ya kikao, hata kanisani, hata kwenye foleni ya duka? Nimenyamaza wiki mbili, Bobbie. Mimi, kunyamaza wiki mbili! Unajua kulivyoniuma?"

Nilikuwa nimewakataza kusemezana wao kwa wao. Sikuwakataza kusema na mimi. Lakini sikumbuki kama niliwahi kuwaeleza tofauti hiyo, na sasa haikuwa na faida. Nikaketi kando yake. Nakiri nilitaka kumwambia arudi ndani, ainue mkono, na aliyesikia habari za Carly ajifanye hakusikia. Kura ya namna hiyo ingebatilishwa na mwananchi wa kwanza kulalamika, na kwetu hapa walalamikaji ni wengi kuliko ng'ombe. Nesi angeondolewa muhula ukiwa katikati, na kitanda kikiwa kimekwenda.

"Bila wewe hatutoshi," nikamwambia.

Ilimchukua kitambo kuelewa. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, na kucha zake zikaniuma. "Bobbie. Nimemfanya nini yule mtoto?"

Nilirudi maktaba mbio.

"Usifunge kikao," nikamwambia Gordon. "Kipumzishe tu. Kikipumzishwa kinaweza kuendelea leo leo, hapa hapa. Naenda kumleta Dwayne."

"Dwayne ana mkono ndani ya ng'ombe."

"Nitautoa."

"Wakili, basi la timu linaondoka saa kumi na moja, na mimi nimo."

"Nitakuwa nimerudi."

Gordon akaitazama saa, akamtazama daktari wa meno, akashusha pumzi. "Haya. Kikao kinapumzika. Kimbia."

Nilikimbia. Barabara ya kwa Kucera ni ya changarawe, na theluji ilikuwa imeifunika mitaro, hivyo hujui njia inaishia wapi. Niliendesha kama mwizi. Nilikuta taa inawaka bandani, na Dwayne amepiga magoti kwenye nyasi kavu nyuma ya mtamba mwekundu aliyekuwa amelala akiguna.

"Funga mlango, baridi inaingia! Nani huyo?"

"Bobbie."

"Bobbie yupi?"

"Wakili wa shule."

"Mungu wangu. Nimeshtakiwa nini tena?"

Nikamweleza kwa pumzi moja: mtoto, nesi, kitanda, Bev, kura. Hakugeuza hata shingo.

"Ndama amekaa vibaya," akasema. "Nikiondoka sasa wanakufa wote wawili."

"Mwanao yuko wapi?"

"Yuko na timu. Angekuwa wapi?"

"Daktari wa mifugo je?"

"Yuko kwa jirani, na huko nako ni haya haya. Dada, ningekuja. Naapa ningekuja."

Nikavua koti langu jeusi nikalitundika kwenye msumari. "Nipe mnyororo mmoja wa kumvutia ndama."

Sasa akageuka. Akatazama viatu vyangu vya ofisini, akatazama soksi zangu. "Wewe? Umewahi kweli, au umesoma?"

"Baba yangu alifuga maisha yake yote, Dwayne Kucera, na ulikuwa ukija kuiba matufaa yake. Nipe mnyororo."

"Ahaa, kumbe bado unakumbuka." Akanirushia. "Shika mguu wa kushoto. Usivute mpaka yeye mwenyewe asukume."

Tukavuta. Mtamba akisukuma tunavuta, akipumzika tunapumzika, na kila alipopumzika mimi niliona jua linazidi kushuka kwenye dirisha la banda nikatamani kulia.

"Mtoto wa nani huyo?" Dwayne akauliza, tukingoja.

"Wa Shawna Havlik."

"Binti wa Leroy? Nilicheza mpira na Leroy." Akajifuta jasho kwa bega. "Sasa mbona mmemweka nyumbani tangu Oktoba? Mna roho gani ninyi watu wa ofisini?"

"Dwayne, wewe ni mjumbe wa bodi. Jambo hili limekuja mbele yako mara mbili. Mara zote mbili mlisema lirudi kwa watu wa fedha."

"Mimi?"

"Wewe na wenzako."

Mtamba akaguna. "Vuta," akasema.

Ndama alitoka kwa ghafla, mimi nikaanguka chali kwenye mavi. Hakuwa anapumua. Dwayne akamtumbukiza jani kavu puani, mimi nikamsugua mbavu kwa gunia, na baada ya kitambo akapiga chafya, akatikisa masikio. Nilimchukia. Mungu anisamehe, nilimchukia ndama yule kwa kuwa na watu wawili wazima waliopiga magoti kumsaidia avute pumzi. Dwayne alitaka kumngoja asimame. Nilimshika ukosi wa ovaroli nikamburuta hadi kwenye pikapu yake, nami nikamfuata kwa gari langu.

Tulipofika shuleni basi la manjano lilikuwa bado lipo, injini inanguruma, watoto wanapandisha mifuko yao. Nilifurahi nusura nipige kelele. Kisha nikaona madirisha ya maktaba. Taa zilikuwa zimezimwa. Gordon alikuwa amesimama kando ya mlango wa basi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nimefunga kikao," akasema. "Dereva anataka kuondoka mapema, kuna theluji inakuja. Daktari wa meno kashakwenda."

"Kashakwenda wapi? Mpigie arudi! Dwayne huyu hapa. Dakika tano tu, Gordon. Dakika tano!"

"Kikao kikishafungwa hakifunguliwi. Lazima tangazo jipya, gazetini, na gazeti letu ni Jumatano hadi Jumatano. Nani alinifundisha hayo? Wewe."

Dwayne alikuwa amesimama nyuma yangu na damu ya ng'ombe hadi mabegani. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini?" akauliza.

Gordon akanishika kiwiko, akanisogeza mbali na watoto. Akashusha sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonitisha.

"Pengine ni heri, Bobbie. Akihamia kule, anakuwa wa wilaya ya kule, gharama na yote. Si wetu tena."

"Ulipanga haya?"

"Sijapanga kitu. Mlango umejifunga wenyewe. Mimi nasema tu siendi kuusukuma."

"Nilikuandikia. Nilikuandikia waziwazi kwamba yule mama akitushtaki tunashindwa, na tunashindwa vibaya."

"Uliniandikia mimi. Siri ya mteja na wakili wake, sivyo? Basi ibaki hivyo. Mwambie kikao kimeahirishwa, usiongeze neno." Akampungia mjukuu wake aliyekuwa dirishani. "Na uoge, mwenzangu. Unanuka."

Ningeweza kumpigia Shawna simu. Nilikwenda. Njiani nilijisomea kanuni kama mtu anayesali. Mteja wangu ni wilaya, na wilaya haina kinywa ila cha bodi, na bodi husemewa na mwenyekiti wake. Mtu wa upande wa pili asiye na wakili sina ruhusa ya kumshauri chochote, isipokuwa jambo moja tu, nalo ni kwamba atafute wakili wake. Nikisema zaidi ya hapo ninamsaliti mteja na leseni yangu inakwenda. Nilikuwa na neno moja la kumpa, na nilikusudia kumpa hilo kwa nguvu zangu zote.

Gari lao lilikuwa limefunguliwa milango, mashine imefungwa mkanda kwenye kiti, mitungi ya oksijeni nyuma. Kinsley alikuwa ameketi ndani na kofia ya zambarau. Aliponiona aliweka kidole kwenye tundu la mrija wake, ndivyo anavyopata sauti. "Mjini kuna samaki ukutani," akasema. "Mama anasema wakubwa." Akatoa kidole apumue.

Shawna akatoka ndani na mto wa mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa machozi au kwa usingizi. "Imepita?"

"Haijapita. Kura hazikutosha. Kikao kingine hakiwezi kukaa mpaka tangazo litoke tena."

"Mlisema Novemba," akasema. "Mkasema baada ya Krismasi."

"Shawna, tafuta wakili."

"Yule mama wa kitanda anangoja simu yangu sasa hivi. Niambie kitu kimoja tu. Nikikiacha kitanda, hicho kikao kingine watapitisha?"

"Siwezi kukushauri. Tafuta wakili. Leo hii. Kabla hujawasha gari."

"Hawa watu wanataka tubaki? Wanamtaka mtoto wangu shuleni kwao, au wanangoja tuondoke?"

"Tafuta wakili, Shawna," nikasema. Nilimshika mikono yote miwili pamoja na mto wenyewe. "Nakuomba. Nakuomba sana. Tafuta wakili."

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Si wewe?" akasema.

"Mimi ni wakili wa wilaya."

"Najua kazi yako iko wilayani. Lakini wewe ndiye uliyekuja. Ulikaa jikoni kwangu. Ulimuuliza Kinsley anataka kukaa upande gani wa basi, ukaandika. Kuna mama wa chama cha wazazi alinipigia Desemba, wana mwanasheria wa bure wa watoto kama hawa. Alitaka kunipa. Nikamwambia ampe mwingine asiye na mtu. Nikamwambia mimi ninaye, anaitwa Bobbie."

Chini ya kila barua niliyomwandikia palikuwa na mstari unaosema ninaiwakilisha wilaya, wala simwakilishi yeye. Aliziwekea sahihi zote. Nilitaka kumwambia hilo, na nilijua ni upuuzi, na bado lilinijia ulimini.

"Mpigie yule mama wa chama cha wazazi," nikasema. "Mpigie sasa."

"Sijalala tangu juzi," Shawna akajibu. "Kesi inachukua muda gani?"

Hilo nalo sikuruhusiwa kulijibu. Akatikisa kichwa polepole, akaingiza mto kwenye gari, akamwekea mtoto kichwani. Alikagua mrija, akakagua mashine, akafunga mlango. Kisha akanirudia, akanikumbatia vile vile nilivyokuwa, na mavi na damu, akaniambia ahsante kwa kila kitu, akaenda kuwasha gari.